Mnyororo wa Meli ya Kipini

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, siku niliyokaribia kurudi kijijini kwetu Hewani mikono mitupu. Mafuriko ya mto Tana yalikuwa yamekata kamba ya chelezo chetu cha kuvukia, kikaenda na maji. Tuliunda kingine, lakini kamba gani tena ingekishika? Na mpunga wetu hausubiri mtu. Maji yakishuka mashambani ng'ambo, unapanda kwenye tope bichi, au unakaa na njaa mpaka mafuriko mengine.

Basi nikatumwa pamoja na binamu yangu Komora hadi Kipini, kwenye meli ya chuma iliyozama zamani, tukatafute mnyororo. Komora huyo aliogopa maji, naye kazaliwa mtoni, lakini hayo tuyaache. Maji yalipokupwa tukaushika mnyororo pale ubavuni. Ukavunjika mkononi kama muhogo mkavu.

"Umeoza wote," nikasema. "Twende zetu."

Mzee Athmani, mzamiaji wa Kipini aliyetupeleka, akacheka. "Nyinyi wa mtoni, mumelowa magoti tu, bahari mushaijua? Hapo ndipo paliwapo sana na kutu, maji yapanda yashuka, chuma chalowa chapata upepo, chalowa tena. Huko chini hewa ni haba, kutu hula polepole."

"Na tukikuta kumeoza?" Komora akauliza.

"Tutakuwa tumeoga."

Akazama, nami nikamfuata, mkono juu ya mnyororo. Juu ulikuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Kadiri nilivyoshuka ukanenepa, na pale ulipoingia topeni, pete moja haikuenea kiganjani mwangu. Niliibuka nikicheka mpaka nikanywa chumvi.

Tuliukata kwa msumeno, tukaupandisha mto kwa mtumbwi, tukafunga nao chelezo. Tana ikaja tena na miti mizima, ikavuta chelezo, ikavuta, ikachoka yenyewe. Maji yaliposhuka mama zetu wakavuka na mbegu kichwani, wakiimba, na Komora kati yao kafumba macho. Mwaka ule tulikula mpunga mpaka tukawapa majirani wafugaji.

Mimi darasa la tatu sikulimaliza, mwanangu, ila hili nalijua: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usiseme kitu kimekufa kwa kugusa juu yake tu, iwe kazi, iwe ndoa, iwe ndugu aliyekukasirikia. Shuka kwanza. Mungu akupe pumzi ya kufika chini, na akurudishe juu umeshika kitu.