Eustadia na Homa ya Anonciata

Mwaka 1992 Eustadia Rweyemamu alikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Alirudi Karagwe, wilaya aliyozaliwa, kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali ya misheni. Watu wa kwao Ihembe walishaanza kumwita daktari. Hawakujua kwamba mwaka uliotangulia alifeli somo la tiba, na kwamba akifeli tena atarudi kulima migomba pamoja nao. Hofu hiyo alilala nayo, akaamka nayo.

Mwalimu wao, Daktari Byabato, alikuja na kompyuta kutoka chuo kikuu. Ilikaa mezani katika chumba cha mikutano, jenereta ikinguruma nje. Ndani yake, alieleza, mna akili bandia: wataalamu wa Ulaya wameijaza maarifa ya madaktari bingwa. Mwanafunzi aliiandikia dalili za mgonjwa, yenyewe ikauliza maswali, kisha ikataja ugonjwa. Aliyepishana nayo alikatwa alama.

"Haichoki, haisahau," alisema Byabato. "Jifunzeni kufikiri kama yenyewe."

Eustadia alipangiwa Anonciata, mjamzito wa miezi saba, aliyeletwa na mama yake, Nyirabahire, kutoka Nyaishozi. Homa ilikuwa imemshika siku nne, ikamwacha wiki nzima, sasa imerudi kwa kishindo. Dawa ya malaria alishamaliza, nafuu hakuna. Eustadia aliyaandika yote kwenye kompyuta. Ikauliza kuhusu kikohozi, tumbo, choo. Ikajibu: malaria sugu.

Alilinakili jibu hilo kwenye karatasi yake ya mtihani, akakaa akiliangalia. Homa inayoondoka wiki nzima kisha ikarudi haikumkaa akilini kama malaria, lakini kupishana na kompyuta ni kukatwa alama. Saa nzima ilipita kabla hajarudi wodini.

"Shikamoo, mama. Huyu nyumbani analala wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mumewe alipokwenda kutafuta kibarua, akahamia kwangu. Analala jikoni kwenye mkeka. Ni nyumba ya udongo, ya zamani."

"Kuna papasi?"

"Papasi wapo. Sisi wametuuma tangu utotoni, hawatufanyi kitu. Huyu alikulia mjini kwa shangazi yake."

Eustadia aliinuka. Papasi, kupe wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo, huleta homa ya kuja na kuondoka, na kwa mjamzito homa hiyo huua. Kompyuta haikuwa imeigusa kabisa. Alikimbilia maabara na tone la damu ya Anonciata. Kioo cha kwanza kilimponyoka kikavunjika. Cha pili, chini ya darubini, kilionyesha vijidudu vyembamba vilivyojisokota kama nyuzi.

Akaenda kugonga mlango wa Byabato.

"Mwalimu, kompyuta imekosea."

"Au umekosea wewe?"

"Naomba uje uangalie."

Byabato aliinamia darubini muda mrefu. "Mchome penisilini," alisema bila kuinua kichwa.

Saa mbili baada ya sindano Anonciata alianza kutetemeka hata kitanda kikawa kinagonga ukuta. Joto lilipanda, macho yakageuka. Eustadia alikuwa amesoma kwamba vijidudu vikifa kwa mkupuo mwili huchachamaa kabla ya kutulia. Lakini kusoma ni kitu kimoja, kuona ni kingine.

"Umemchoma nini mwanangu?" aliuliza Nyirabahire, kwa sauti ndogo.

Eustadia alivuta kiti, akakaa kando ya kitanda. Alishika mkono wa Anonciata, akawa anahesabu mapigo ya moyo, akiamini ameua mtu. Jua lilikuwa limeanza kushuka jasho lilipomtoka mgonjwa na mapigo yakarudi taratibu.

Anonciata alipona. Mtoto alizaliwa siku ya tatu, kabla ya wakati wake, akaishi siku mbili. Baada ya mazishi Nyirabahire alirudi hospitalini kumshukuru Eustadia kwa uhai wa binti yake, na shukrani hizo zilimtisha kuliko lawama, maana alikuwa akiifikiria ile saa moja aliyokaa na karatasi.

Byabato alimpa alama zake zote, akawaandikia waliotengeneza programu ile kuhusu kosa hilo. Hakuiacha, ila aliacha kuwakata alama waliopishana nayo.

Eustadia alihitimu akaajiriwa hospitali ileile, na baadaye wanafunzi wakaletwa chini yake. Walimwona rangi ikimbadilika kila mjamzito mwenye homa alipoingizwa wodini. Mmoja alipomuuliza kama bado anaogopa, alijibu kwamba ndiyo, kisha akamwambia avute kiti akae na mgonjwa, amuulize nyumbani analala wapi.