Wiki Ambayo Hakufa Mtu

Katikati ya mwaka 1994 Kokwijuka aliacha kazi ya kupima kahawa Nyabiyonza akaenda kambini, upande wa Kyerwa, ambako Wanyarwanda walikuwa wakiingia kwa maelfu. Alichukuliwa kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Alikaa kwenye hema la zahanati akiandika jina la kila mgonjwa, umri, kitongoji anachokaa, ugonjwa, na kama amefariki. Kila Jumamosi alijumlisha, na mganga Gosbert akapeleka taarifa Kayanga, wilayani.

Wiki ya kwanza, kitongoji cha nne peke yake kilikuwa na vifo ishirini na tisa, karibu vyote vya kuhara damu. Wiki ya pili kumi na vinane. Ya tatu sita. Ya nne, hakuna.

"Tumeushinda," Gosbert alisema.

Kokwijuka alirudia kurasa zote. Wiki ile hakikuandikwa kifo, lakini pia hakuandikwa mgonjwa hata mmoja kutoka kitongoji cha nne. Watu elfu mbili, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Jumapili baada ya ibada akaenda mwenyewe. Yeye aliongea Kinyambo, wao Kinyarwanda, na walielewana vizuri. Lakini kila turubai alilosimama mbele yake walimwambia ni wazima kabla hajauliza. Hakuona mtoto akicheza.

Nyuma ya vichuguu, kwenye mteremko, aliona majani yaliyokatwa yametandazwa chini mafungu mafungu. Mengine yalikuwa yamekauka, mengine bado mabichi. Akalisogeza fungu moja kwa mguu, akakuta udongo mpya. Mafungu mengi hayakuzidi urefu wa mkono wake. Alihesabu arobaini na moja.

Mzee mmoja alikuwa akichimba pembeni. Jina lake Karekezi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Mnazika bila kusema."

Karekezi aliegemea jembe. "Ukiandika kwamba mtu amekufa, anatolewa kwenye kadi ya posho. Waliobaki wanapunguziwa mahindi."

"Na wagonjwa je? Mbona hamwaleti?"

"Mgonjwa akiandikwa kisha akafa, si mtakuja kumuuliza? Bora asiandikwe."

Hapo Kokwijuka akaelewa. Wale watu walikuwa wanaliogopa daftari lake kuliko kuhara damu.

Aliporudi alipita kwa mama mmoja, Mukashema, aliyeketi na watoto wawili. Mmoja alikuwa amefunikwa kanga hadi kichwani, na nzi wamejaa. "Huyu amelala," mama akasema haraka. Kokwijuka hakubisha. Alimtazama yule mwingine, aliyekuwa akijikunja kwa maumivu ya tumbo.

"Nipe huyu nimpeleke kwenye dawa."

"Utamwandika?"

"Nitaandika kuhara damu. Jina lake silitaki."

Akambeba mgongoni hadi zahanati.

Gosbert alikataa. Daftari lisilo na majina, alisema, Kayanga hawatalipokea.

"Hili lenye majina linasema sifuri," Kokwijuka akamjibu. "Mimi nimetoka kuhesabu makaburi arobaini na moja."

Gosbert alilifunga lile la zamani. Kisha akamkabidhi daftari jipya.

Kokwijuka alimpa Karekezi penseli na karatasi, achore mstari mmoja kwa kila kaburi. Jumamosi iliyofuata taarifa ilisema vifo thelathini na vitatu. Wakubwa wa Kayanga walikuja kwa hasira wakitaka kujua zahanati imeharibu nini. Kokwijuka akawatembeza hadi kwenye mteremko, kisha chini kidogo, kwenye dimbwi ambako wanawake walikuwa wakichota maji. Maji ya mvua yalitiririka humo kutoka kwenye makaburi.

Dimbwi lilifungwa, maji yakaanza kuletwa kwa lori. Wagonjwa walikuja wachache wachache, wakichungulia kwanza kama wanaandikwa majina. Mtoto wa Mukashema alipona. Karekezi naye aliugua, wiki ya saba akafa, na mkewe akaendelea kuchora mistari.

Wiki ya tisa karatasi ilikuwa na mistari mitatu tu. Gosbert aliitazama, akavaa viatu vya mvua, wakaenda wote wawili. Walihesabu mafungu ya majani mabichi mara mbili. Yalikuwa matatu.

"Basi turudi," Gosbert akasema.

"Bado," Kokwijuka akamwambia. "Hatujafika kitongoji cha tano. Huko nako wiki hii hakuna mgonjwa."