Maneno ya Rangi ya Boti

Nilichoka na ile nyumba zamani, nisidanganye mtu. Kila likizo, walimu wenzangu wakipumzika kule Fizi kilimani, mimi napanda pikipiki kushuka Baraka kutazama upepo umeng'oa manjanja gani ya bati juu ya paa, mchwa wamekula mlango gani, na mama yangu amelala na nani. Jibu lilikuwa lile lile: amelala peke yake. Ndugu zangu wote wako mbali, wanapiga simu. Kupiga simu ni kazi nyepesi.

Mwaka huu mama alianguka uani mara mbili. Mara ya pili alikaa pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba moto wa kupikia. Ndipo sisi watoto tukakubaliana, na mama mwenyewe akaitika: nyumba iuzishwe, yeye aje kukaa kwangu Fizi. Mnunuzi alipatikana upesi, mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mboko, baba wa watoto, mtu wa maneno machache. Nilikuwa na majuma mawili kabla ya masomo kuanza. Nikajiambia majuma mawili yanatosha hata kuuzisha kanisa. Aka! Sikujua.

Nilianza na vyumba. Nikatoa nyavu za marehemu baba zilizooza, nikatoa godoro ambalo panya walikuwa wamezalia ndani. Kila nilichotupa kwa mlango wa mbele kilirudi kwa mlango wa nyuma, mkononi mwa mama.

"Hii ingali muzuri," anasema, ameshika ndoo.

"Mama, haina kitako!"

"Ni ya kufunika kuku."

Kuku hakuwa naye hata mmoja. Nikafagia. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu siku ya kwanza.

Siku ya nne nikafika kwenye ukuta wa nje, ule unaotazama barabara. Pale paliandikwa kwa rangi ya buluu, herufi ndefu kama mkono wangu: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Kwetu maneno hayo utayakuta kwenye kuta nyingi, na si bure. Sisi tulikimbia vita tukavuka ziwa, tukakaa Tanzania miaka. Tuliporudi tukakuta mtu mwingine analala chumbani mwa baba. Alikuwa ameuziwa nyumba yetu na mjanja mmoja aliyejiita mdogo wake baba. Baba alihangaika mwaka mzima kuipata tena. Siku aliyoipata, kabla hata hatujaingiza mikeka, akaleta mkebe wa rangi iliyobaki alipopaka boti yake, akaniita. Yeye hakujua kusoma wala kuandika. Mimi nilikuwa darasa la nne, na ndimi niliyekuwa na mwandiko mzuri. Nilipanda juu ya kiti, yeye akakishika miguu kwa mikono miwili, akanitajia neno kwa neno. Kila herufi nilitazama chini. "Andika tu," alisema, "mi sitaachilia."

Nikachanganya chokaa ili niyafunike. Mama alikuwa amekaa kizingitini akinitazama, na hapo ndipo alipotoa sharti lake.

"Mi nilisema ndiyo, na ni ndiyo. Lakini baba yako angali anasema pale. Nimuache anasema peke yake? Futa kwanza. Akinyamaza, ntaenda."

Nilicheka. Nikamwambia, mama, kabla ya saa sita baba atakuwa amenyamaza.

Chokaa ilikauka vizuri, ukuta ukang'aa, nikajisifu. Kesho yake asubuhi maneno yalikuwa yamerudi yote, yananichungulia. Nikapaka mara ya pili. Yakarudi. Nikanunua rangi ya duka, nikapaka mara ya tatu, mikono inawaka. Yakarudi. Rangi ya boti imetengenezwa ikae majini miaka na isitoke, sasa chokaa yangu ni nini? Jirani mmoja alipita na beseni lake la mihogo kichwani, akasimama.

"Mwalimu, unafuta ao unaandika upya?"

Akaenda zake anacheka.

Siku ya kumi nikashindwa. Macho ya mama yana ukungu siku hizi, na kusoma hakusoma kamwe. Nikaona njia ya mkato. Nikanawa mikono, nikamwambia, "Mama, yameisha. Tufunge mizigo."

Akainuka na fimbo yake, pole pole, akazunguka nyumba mpaka kwenye ukuta. Akaweka kiganja. Ile rangi ni nzito, imeinuka kama kovu. Kidole chake kikafuata herufi ya kwanza, kikashuka, kikapanda, kikaenda kwa ya pili. Miaka yote ile sikujua kwamba anazijua kwa mkono.

"Iko," alisema. "Baba yako iko hapa. Unanidanganya juu mi sikusoma?"

Ningeomba msamaha, yangeisha. Lakini uchovu ni mshauri mbaya. Nikampigia kelele mama yangu mzazi: "Basi bakia na ukuta wako! Mi naenda Fizi peke yangu. Siku utaanguka tena, ukuta utakuokota!"

Alirudi kizingitini, akajifunika kitenge mpaka kichwani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Niliona haya. Mpaka leo naona haya.

Kesho yake, kabla mama hajaamka, nikachukua panga nikaanza kubandua plasta yenyewe. Niligonga, nikakwangua, vumbi likanijaa puani. Malengelenge yakatoka viganjani, yakapasuka. Nilipofika katikati ya lile neno la mwisho nikaanza kulia, kwa uchungu na kwa kuchoka, sikujua kipi ni kipi. Ilikuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyepaswa kuiondoa.

Alasiri matofali yalikuwa wazi. Nikamwita mama, safari hii sikusema neno. Alipapasa ukuta wote, toka pembe hadi pembe, kidole kikajaa vumbi jekundu.

"Amenyamaza," alisema. "Bon. Twende."

Akaenda kufunga mizigo yake. Ile ndoo alikuwa ameiweka juu kabisa.

Mnunuzi alileta fundi, akaziba ukuta kwa saruji mpya. Baada ya siku mbili wakaja majirani wa mipaka yote minne pamoja na mkubwa wa mtaa, wakawa mashahidi, mama akatia kidole kwenye karatasi. Motoka ya Fizi ilikuwa imesimama barabarani. Tukampandisha mama mbele, karibu na dereva. Mimi nilikuwa naweka mguu nipande, mnunuzi akanifuata mbio, ana mkebe na burashi, ameona aibu.

"Mwalimu, unisamehe. Mi naandikaka mubaya sana. Mbele uende zako, kwanza uniandikie pale, ku ukuta: nyumba hii haiuzishwe. Nikienda kutafuta ndagala sirudi mbio, na bantu ba leo unabajua."

Nikamtazama yule mtu. Nikatazama viganja vyangu, ngozi ilikuwa haijarudi. Nilitaka kumtukana. Dereva akapiga honi.

"Anataka nini?" mama akauliza toka ndani ya motoka.

Nikamwambia. Akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu baba afe, akacheka mpaka akakohoa, mpaka dereva naye akacheka bila kujua sababu.

"Umuandikie," alisema, anajipangusa macho. "Lakini muulize kwanza, ni rangi ya boti?"

Ilikuwa rangi ya boti.

Kiti kililetwa toka ndani, kile kile chetu, kwa sababu tulikuwa tumewaachia. Nikakiweka chini ya ukuta. Mama akatoa kichwa dirishani.

"We baba," alimwambia mnunuzi, "ushike ile kiti. Mikono yote mbili. Usiachilie."

Akainama, akashika miguu ya kiti. Nikapanda.