Hawakuniuliza Mara ya Pili

Nakumbuka siku moja ukungu ulitanda mashambani kwetu Endamarariek hadi nisiweze kuona mwisho wa mstari wa mbaazi niliokuwa navuna, ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Usicheke, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa sijaota mvi. Mtoto wa kaka ni wangu, na shangazi ni shangazi.

Ujumbe ulisema vyuo viwili vimenichagua, niingie kwenye mfumo wa udahili wa pamoja nithibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Kimoja kilikuwa cha udaktari wa mifugo, nilioutamani tangu utotoni.

Nikairudisha simu mfukoni. Unajua bibi yako alivyotulea: ukikaribishwa chakula kwa watu, sema umeshiba, wakikukaribisha tena, ndipo unawe mikono. Kukubali mara moja ni ulafi. Basi nikaona aibu kukidaka chuo kikuu namna ile. Nikasema moyoni, wataniuliza tena.

Siku zikapita kama usingizi mtamu. Nilivuna huku nikijiona nimevaa gambuti na koti jeupe, wafugaji wakinipisha zizini, ng'ombe wakitulia nikiwagusa. Niliota macho wazi, mwanangu, na kikapu kikijaa bila mimi kujua.

Nilipochoka kungoja nikaenda Karatu mjini, kwenye duka la kompyuta. Kijana wa pale akafungua akaunti yangu, akanigeuzia kioo.

"Dada, muda wa kuthibitisha uliisha juzi. Nafasi imeondoka."

"Lakini hawajaniuliza mara ya pili!"

"Kompyuta haibembelezi mtu, dada."

Nilirudi nyumbani nikamweleza bibi yako huku nalia. Nilidhani atanisifu kwa adabu. Aliweka ungo chini, akanitazama kwa huzuni.

"Mimi nilikufundisha adabu ya chakula cha watu," alisema. "Hicho chuo ulikisomea wewe mwenyewe, usiku na mchana. Nani alikwambia ukionee aibu kilicho chako?"

Mwaka uliofuata niliomba tena, nikapata ualimu. Naupenda, na wanafunzi wangu wanajua. Lakini nikimwona ndama mgonjwa na mwenyewe hajui la kufanya, moyo unaniuma bado.

Sasa asubuhi hii ujumbe kama ule umeingia kwako, nawe unaniambia, "Nitaangalia baadaye, shangazi." Unaona haya kufurahi mbele yetu, nimekuona. Mwanangu, heshima yako kwetu tunaijua, huna haja ya kuithibitisha kwa kusitasita. Thibitisha chuo. Chukua simu sasa hivi, ingiza namba waliyokutumia, kisha uje tunywe chai.

Mungu akutangulie huko uendako, akupe walimu wema na afya ya kusoma, na akuepushe na kuzeeka ukijiuliza ingekuwaje.