Salamu za Belarmino kwa Bwana Litre

Kaka yangu Belarmino ana adabu, tena adabu ya kupita kiasi. Kila asubuhi akipanda mlimani kukata magogo, akifika kwenye mti wa litre anavua kofia, anainama mpaka majani yanampapasa utosi, anasema, "Habari za asubuhi, bwana Litre." Huku kwetu Maule, nchini Chile, wote tunausalimia mti huo, maana usipousalimia, tunaambiwa, unakuvimbisha uso na kukujaza malengelenge. Lakini sisi wengine tunairusha salamu tukiwa mbali na kuharakisha. Yeye anausogelea, karibu auulize watoto hawajambo. Na kwa kuwa hajawahi kuwashwa hata kidole, alijipa uhakimu. Ukivimba, kosa lako. Hukusalimia, au ulisalimia kwa kiburi.

Belarmino ni mjane, anaishi na mwanawe Nibaldo. Nibaldo akaoa Yasna, binti wa muuza samaki wa mji wa Constitución, mchangamfu, mikono haitulii. Alipika, alifua, alipaka nyumba chokaa. Baba mkwe wake akamshukuru kwa kumwita "huyo wa mjini". Miezi ya mwanzo ikapita salama, mimba ikaingia, na Belarmino akaanza kuwasimulia ng'ombe wake habari za mjukuu. Tangu amzike mkewe sikuwa nimemwona akisubiri kitu kwa hamu kama ile.

Kisha mikono ya Yasna ikaanza kuwasha, halafu shingo, halafu macho. Belarmino akatoa hukumu hapo hapo, kwamba wa mjini hana adabu. Yasna akasema hajawahi kukanyaga mlimani. Kaka yangu akafikiri, akasema basi atakuwa aliutazama mti vibaya kupitia dirishani.

Mnacheka? Alimpeleka kuomba radhi. Mwanamke mjamzito, macho yamebaki nyufa, akapandishwa mlimani, na Nibaldo nyuma yao kama mkia. Yasna akasema habari za asubuhi. Belarmino akaona sauti haina heshima, akamsogeza karibu zaidi, akamwamuru aseme tena. Baada ya siku mbili hakuweza kufumbua macho kabisa. Bila shaka bwana Litre hakuridhika na matamshi.

Usiku huo Yasna alimwambia mumewe mbele yangu, taratibu, "Baba yako akinitajia adabu tena, naenda kwa mama. Mtoto nitamzalia huko. Yeye atamjua kwa picha." Nilijua hatanii. Kulipokucha nikamshika mkono, nikampeleka zahanati.

Nesi Maritza hakuuliza chochote kuhusu salamu. Alimtazama mikono, akauliza nguo za mzee Belarmino zinafuliwa na nani. Yasna akajibu ni yeye, kwa mkono, pamoja na kofia.

"Basi mti unakujia nyumbani," akasema nesi.

Akatueleza kwamba litre ina mafuta yanayong'ang'ania kitambaa. Chembe zake zenyewe ni ndogo mno, mwili hauzijali. Lakini yakinata kwenye ngozi yanaibadilisha sura, na ngozi yako mwenyewe inaanza kuonekana ngeni. Walinzi walioko kwenye ngozi wanachukua kipande cha huo ugeni, ambacho wataalamu wanakiita antijeni, wanakipeleka kwenye tezi na kukionyesha kwa askari mmoja mmoja. Wengi hawakitambui, kwa sababu kila askari amezaliwa kutambua umbo moja tu. Akipatikana wa kufanana nacho, anazaana mpaka wanakuwa kikosi. Wakati huo wewe huhisi kitu. Ila kikosi hicho hakisahau, na siku mafuta yanaporudi, hata chembe, kinaivamia ngozi yako kama adui. Na kuna watu, akasema, ambao askari wao hawashughuliki nayo maisha yao yote.

"Kwa hiyo kaka yangu hawazidi wengine kwa adabu," nikasema. "Ana askari wazembe."

Nesi akacheka, akamwandikia Yasna dawa, akaagiza mzee afue nguo zake mwenyewe na abadilishe kabla ya kuingia ndani.

Nilimfikishia ujumbe mezani, maharage na tambi mbele yake. Nikamwambia kadiri anavyoinama ndivyo kofia inavyozoa mafuta, na kwamba mgonjwa anamtengeneza mwenyewe. Belarmino akatafuna. Akasema nesi ni mtoto mdogo. Akasema mwanamume wa Maule hafui. Halafu, mtu mzima na mvi zake, akasema dawa haina maana pasipo adabu.

Yasna aliinuka, akafunga mizigo, akapanda basi la asubuhi. Nibaldo naye siku hiyo akakumbuka kwamba ana miguu, akamfuata.

Miezi ikapita, Belarmino akakonda. Ng'ombe hawakusimuliwa tena. Habari ya mtoto wa kiume ilipokuja Septemba, akavaa poncho, joho lake lile lile la mlimani, na kofia ile ile, maana ndizo nguo zake za heshima, tukasafiri pamoja mpaka Constitución.

Yasna alitupokea mlangoni kwa mama yake, mtoto kifuani, ngozi yake imekuwa safi kama zamani. Akanibusu mimi. Kwa Belarmino akarudi hatua moja nyuma.

"Vua, baba."

Akavua kofia.

"Zote."

Mvua ilikuwa inanyesha, majirani wako madirishani. Nilidhani atageuza njia, wallahi, namjua. Aliwatazama majirani, akamtazama mtoto, akalivua poncho, akaanza kufungua vifungo vya shati. Akaoga uani kwa maji baridi na sabuni ya vyombo, mama yake Yasna akimwelekeza asisahau nyuma ya masikio, akatoka amevaa gauni la mama huyo la kulalia, lenye maua. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Akaketi, akamnyooshea mtoto mikono. Kicheko kikanikatika.

"Nisamehe, Yasna," akasema. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo.

Yasna alimwekea mtoto mapajani, akaushika mkono wa mzee kwa mkono wake mtupu, akausogeza chini ya kichwa cha mtoto.

"Hapa," akasema. "Shingo yake bado laini."