Aliyepiga Kelele Kituku

Philomène Mukamugema aliogopa maji, na kazi yake ilikuwa ufukweni. Kila asubuhi aliketi juu ya jiwe jeusi pale Kituku, ufuko wa ziwa mjini Goma, amevaa kizibao chenye jina la shirika lililomwajiri, mkononi ana bomba la sindano lisilo na sindano. Mtu akitoka ziwani na bidoni, dumu la njano la maji, Philomène alivuta klore, dawa ya kusafisha maji, kutoka kwenye chupa, akaipima, akaimimina ndani ya maji. "Ungojee nusu saa mbele ya kunywa, mama," alisema, mara mia mbili au mia tatu kwa siku.

Hakujua kuogelea. Alizaliwa Rutshuru, mbali na ziwa, akaletwa Goma akiwa msichana, wazazi wake wakikimbia vita. Mwaka 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka mjini na kufunika nyumba waliyokuwa wamepanga. Alisimama barabarani akitazama bati likikunjika kama jani la ndizi juu ya jiko. Tangu siku hiyo mlango ukigongwa kwa nguvu alishika kifua. Na watu wa Goma walikuwa na hadithi moja waliyoisimulia kwa sauti ya chini: kwamba chini ya ziwa kuna gaz, hewa ya sumu, nyingi, imelala, na siku volkano itakapofungua mdomo ndani ya maji, ziwa litainuka na kutuzima sote kama mishumaa. Philomène aliisikia hadithi hiyo mara nyingi. Hakuwahi kuizoea.

Mei 2021 mlima ulipasuka tena, jioni ya Jumamosi. Siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka usiku na mchana, amri ilitoka redioni kwamba mitaa mingi ya mji ihame, kwa sababu moto ulikuwa unatembea chini ya nyumba na labda chini ya ziwa. Philomène na mume wake Onésime walitembea hadi Sake na godoro kichwani. Walilala darasani wiki mbili. Waliporudi, nyumba yao ilikuwa imesimama, yenye ufa mmoja tu ukutani, lakini mabomba ya maji yalikuwa yamekatwa na lava. Mji mzima ulishuka ziwani na bidoni. Pale walipokuwa wakichota watu mia tatu, sasa walikuja elfu.

Ndipo shida ya boti ilipoanza.

Ilikuwa mali ya Papa Julien, mfanyabiashara mwenye nyumba ya ghorofa ukingoni mwa ziwa, mwendo wa dakika kumi kutoka Kituku. Zamani ilikuwa inavuta wageni wake kwa kamba, wamesimama juu ya mbao mbili, na haikumsumbua mtu sana. Lakini mwaka ule Julien alileta mchezo mpya. Dereva wake, kijana aitwaye Benny, alijaza magunia ya plastiki maji na kuyapanga nyuma ya boti ili izame kidogo, na hapo ilizaa wimbi nene ambalo mgeni aliteleza juu yake bila kushika kamba. Wageni walifurahi. Jumapili walipita mara tano, mara sita, karibu na ukingo, ili wenzao waliokaa barazani wawaone.

Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, walilalamika kwamba mitumbwi inajaa maji. Wanawake waliofua walilalamika kwamba nguo zinabebwa. Philomène hakulalamika. Alisogeza tu jiwe lake nyuma.

Jumapili ya mwisho ya Juni, kabla ya saa nne, alikuwa ameshuka hadi ukingoni kusuuza chupa zake. Pembeni yake alikuwa Charline, rafiki yake wa kazi, amejishikiza kwenye mwamba akimsaidia bibi mmoja kuinua bidoni. Watu walikuwa wengi, wengine maji yamewafika magotini. Kelele za soko la samaki zilifunika kila kitu. Philomène alitazama chini, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona karibu hivyo: maji yalirudi nyuma. Yalitoka kwenye miguu yake taratibu, yakaacha mawe yaking'aa, kana kwamba ziwa linavuta pumzi.

Hakufikiri. Mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Gaz! Ziwa inatoka! Gaz!"

Alikuwa wa kwanza kukimbia. Nyuma yake sauti mia ziliokota neno lile, "Gaz! Gaz!", kisha wimbi likafika na kupiga mawe kwa kishindo, na wale waliokuwa bado wanasitasita waliacha kusitasita. Watu walipanda juu ya mawe makali, wakapanda juu ya mabidoni, wakapanda juu ya watu. Philomène hakugeuka mpaka alipofika barabara ya juu. Hapo aliona ziwa limetulia. Mbali kidogo, boti nyeupe ilikuwa inageuka ili irudi, na mgeni mmoja akipunga mkono.

Charline alikuwa amelala kati ya mawe mawili. Mfupa wa mguu wake wa kulia ulikuwa umetokeza nje.

Alilazwa. Philomène alimpelekea chakula kila jioni, akamnawisha uso, akamsuka nywele. Siku ya nne, Charline alisema huku akitazama dari:

"Nikimujua ule mutu alilia gaz, sitamutukana. Nitamuuliza kitu moja tu: uliona nini?"

Philomène alifunika sahani. Vidole vyake havikutulia, na kifuniko kilipiga kelele juu ya bati.

"Uko na baridi?" Charline aliuliza.

"Hapana. Ni uchovu."

Nyumbani alimwambia mume wake kila kitu. Onésime alifunga mlango kwanza, kisha dirisha. Mkoa wakati huo ulikuwa chini ya wanajeshi, na kila wiki ilisikika habari ya mtu aliyekamatwa kwa kueneza uvumi.

"Mutu mwingine alikusikia?"

"Sijui. Watu walikuwa wengi."

"Basi funga mudomo, Philo. Wakijua ni weye, hawatakuja kukuuliza uliona nini. Watakuchukua tu."

Aliufunga. Lakini kila gari lililosimama barabarani lilimfanya aache alichokuwa akifanya. Kazini alihesabu klore vibaya, akaanza upya, akahesabu tena vibaya. Mtu akimtazama sana alidhani ndiye aliyemsikia. Na maji yakigusa mawe kwa sauti kidogo tu, aliinuka na kurudi nyuma.

Wiki ya pili, chefu wa mtaa, muzee Ndagijimana, aliita mkutano katika ukumbi wa kanisa. Wavuvi walikuja wakiongozwa na Kamate, mtu mrefu mwenye sauti nzito. Mama wa sokoni walijaza mabenchi. Papa Julien alikuja na Benny. Kwenye kona, kwa sababu ya nyakati zile, alikaa afisa mmoja wa jeshi, kofia juu ya goti.

Kamate alizungumza kwanza. Alisema boti iondoke ziwani, basi. Watu walipiga makofi. Julien alingoja yaishe. Hakuwa mtu wa kupayuka.

"Mimi nilizaliwa pembeni ya maji haya," alisema. "Nyavu zenu hamuwekei alama. Mwezi wa nne kamba ya wavu ilimukamata mgeni wangu shingoni, akakaribia kufa, nani aliita mkutano? Hakuna. Na hii habari ya mguu, wimbi halivunji mguu. Mguu ulivunjwa na miguu ya watu, na watu walikimbizwa na mudomo wa mutu. Mutafute ule mudomo."

Afisa aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Ni kweli," alisema polepole. "Nani alipiga kelele?"

Philomène alikuwa benchi la tatu. Alimwona Onésime karibu na mlango akitikisa kichwa, mara moja tu, kidogo sana. Alifikiria gari la kijani la jeshi, chumba kisicho na dirisha. Alifikiria pia Charline akitazama dari. Kama Julien angeshinda siku ile, boti ingerudi Jumapili, na Jumapili nyingine, na siku moja yeye au mwingine angepiga kelele tena.

Aliposimama, ilibidi ashike bega la mwanamke aliyekuwa mbele yake.

"Ni mimi."

Mtu alisema, "Yesu."

"Ni mimi Philomène, wa klore. Niliona maji inarudi nyuma. Boti sikuisikia, ilikuwa imeshapita. Nilizani ni ile kitu tunaogopaka sisi wote. Nilikimbia, nikamuacha Charline." Alimgeukia Julien. "Papa Julien anasema kweli, mudomo ni wangu. Lakini maji ilirudi nyuma. Sijui kueleza vizuri. Mukuje muone."

"Kuona nini?" Julien aliuliza.

"Ukuje usimame pale tunasimamaka, na bidoni. Benny apitishe boti vile alipitisha siku ile."

Julien alicheka kidogo, akatazama huku na huku, akakuta hakuna mwingine anayecheka. Muzee Ndagijimana alimgeukia Benny. "Dereva, weye unasema nini?"

Benny alikunja kofia yake. "Muzee, magunia ikijaa, miye mwenyewe sigeukake kuangalia nyuma. Niko naogopa kuona."

Walishuka wote Kituku siku hiyohiyo, saa tisa. Watu wa bidoni waliondolewa kwenye maji. Julien alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini na bidoni tupu. Philomène hakutakiwa kuingia naye, lakini alijikuta ameingia, hatua mbili nyuma yake, kwa sababu aliona ni haya kumtuma mtu mahali ambapo yeye hathubutu. Boti ilipita umbali wa mita hamsini, ikapotea nyuma ya mitumbwi. Julien aliinama na kuanza kujaza.

"Iko wapi hiyo..." alianza kusema.

Maji yaliondoka. Philomène alijua ni boti, alikuwa ameiona kwa macho yake, na bado mwili wake wote ulimwambia akimbie. Alijishika kwenye mwamba. Wimbi lilimkuta Julien ameinama, likamwangusha kwa magoti, bidoni ikampiga mdomoni na kwenda zake. Alijishikiza kwenye jiwe la lava na likamchana kiganja. Kamate ndiye aliyemwinua.

Julien aliosha damu ya mkono wake ziwani. Hakuomba msamaha, watu wa Kituku wanasema hivyo mpaka leo, kwamba hakuomba. Alisema tu, "Tuandike."

Waliandika juu ya meza ya samaki. Mchezo wa wimbi kubwa uende katikati ya ziwa, mahali ambapo mtu aliye ukingoni anaona boti ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Wa mbao mbili na kamba wanaweza kukaribia, lakini kuanzia saa tano mpaka saa nane za mchana tu, watu wa maji wakiwa wachache, na bila magunia. Asubuhi na jioni ni za mitumbwi na bidoni. Wavuvi nao wafunge vibidoni vyeupe kwenye nyavu zao, na wasizitege mbele ya gati la mtu. Kamate alinung'unika juu ya hilo la mwisho, kisha akatia sahihi, na muzee Ndagijimana akagonga muhuri wa serikali. Afisa alisoma karatasi, akaikunja, akairudisha.

Kisha akamwangalia Philomène. "Weye mama."

"Ndiyo, papa."

"Siku nyingine uangalie kwanza, mbele ya kulia gaz."

"Ndiyo, papa."

Ndiyo hivyo tu. Onésime alimshika mkono njia nzima ya kurudi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi.

Kwa Charline ilikuwa ngumu zaidi. Philomène alimwambia mwenyewe, jioni ileile, kabla wengine hawajafika na habari. Charline alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliona maji inarudi nyuma."

"Ndiyo."

"Na mimi ulinionaka?"

Charline alimwomba aache chakula na aende. Hakumpokea tena kwa miezi mitatu. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo. Siku moja ya Oktoba alikuja Kituku na mkongojo, akaketi kwenye jiwe la pili, akachukua bomba la sindano na kuanza kazi. Walifanya kazi kutwa bila kuongea. Kesho yake waliongea, juu ya bei ya sabuni.

Karatasi ile ililinda ukingo miaka mitatu na zaidi, si vizuri sana, lakini ililinda. Kisha Januari 2025 vita vilifika Goma, na waasi wakauteka mji. Maji na umeme vilikatika, na watu walishuka ziwani huku risasi zikilia juu ya mabati. Philomène na Charline walitia klore wakiwa wamechuchumaa nyuma ya ukuta wa soko. Julien alikuwa ameshavuka mpaka na familia yake. Boti yake ilibaki, na mwezi wa tatu ilionekana tena majini, inaendeshwa na watu wasiojulikana, karibu na ukingo, asubuhi.

Muzee Ndagijimana alikuwa amefariki. Komite ya watu wa ukingo, iliyotunza karatasi ile, ilikutana kwa dakika chache, imesimama, kila mtu akitazama nyuma ya bega lake. Muhuri wa kwenye karatasi ulikuwa wa serikali ambayo haikuwapo tena mjini. Nani ataipeleka kwa wakubwa wapya?

"Mama Philomène anajua kuisema," Kamate alisema, na hakumtazama usoni.

Alikwenda. Charline alimsindikiza mpaka geti la ofisi ya wakubwa hao na mkongojo wake, akasema atangoja hapo hata mpaka giza. Ndani, Philomène alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu saa tatu. Mwishowe mtu mmoja kijana, mpole, aliyevaa buti safi, alisikiliza habari zote: mawimbi, bidoni, saa tano na saa nane. Alichukua karatasi.

"Ziwa ni ya watu wote," alisema. "Tutaangalia."

Karatasi haikurudi. Tangu juma lile boti hutoka mchana tu, na huenda mbali. Labda waliisoma. Labda mafuta ni haba. Kituku hakuna anayejua, na hakuna anayekwenda kuuliza. Philomène bado anatia klore. Ameweka jiwe lake pale anapoweza kuona upande wote wa maji, na kila anapoinama kupima dawa, Charline ndiye anayetazama.