Bologna Chini ya Daraja la Reli

Mama mdogo wangu aliishi Bologna miaka mingi kabla hajaja kukaa nami Birmingham. Aliondoka kwetu Malindi akiwa bado msichana, akachukuliwa na familia ya Kiitaliano iliyokuwa na nyumba ya likizo mjini petu, wakampeleka kwao akamtunze bibi yao mjane. Bibi alipofariki akapata kazi nyingine hukohuko, kisha nyingine, mpaka magoti yakamwambia basi. Ndipo nikamwita.

"Chumba kipo," nilimwambia kwenye simu. "Mtaa wangu huu wa Nechells si wa kujivunia, lakini mabasi yapo."

Mimi nasafisha mabehewa ya treni kule Tyseley, zamu ya alfajiri, kwa hiyo mchana naweza kumpeleka hospitali. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Novemba. Mamangu, ambaye ndiye dada yake, alikuwa amezikwa Malindi mwaka uliotangulia, na sisi wawili hatukuwahi kufika. Tulikuwa tumetoka kliniki ya macho katikati ya mji. Walimtia yale matone ya kupanua mboni, wakamwonya kwamba ataona ukungu mpaka jioni. Na nje kulikuwa na ukungu wa kweli. Nilimshika mkono tutoke, akasimama mlangoni akacheka peke yake.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Taa, na vivuli vya majumba. Macho yakiwa hivi, miji yote ni mmoja."

Basi letu halikuwa likipita pale kwa sababu barabara ilichimbwa kutandikwa reli ya tramu. Ilitubidi tuteremke mpaka Digbeth tukalipande huko. Si mwendo mrefu. Nilitaka kumwongoza, lakini ni yeye aliyetangulia, amenishika kiwiko, ananivuta.

"Kule Bologna nilikuwa na njia yangu na bibi," akasema. "Kila alasiri, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mimi nyuma nasukuma. Kwanza tunaipita minara miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi uliolala upande kama mlevi. Ile pale."

Nikainua macho. Mbele yetu lile jengo refu la mviringo lilikuwa limezamisha kichwa katika ukungu, na chini yake, kando kidogo, mnara wa kanisa. Naujua mnara ule, umenyooka kama sindano. Siku ile, ukungu ukiupitia, niliuona umeinama. Nikapepesa macho, nikatazama chini.

"Baada ya minara," akaendelea, "kuna mwanamume wa shaba juu ya chemchemi. Uchi kama alivyozaliwa, na uma mkubwa mkononi."

Akaenda moja kwa moja katikati ya watu waliobeba mifuko yao ya madukani, nao wakampisha, akanyoosha mkono, na mkono ukatua juu ya yule fahali wa shaba ambaye watoto hupenda kumpanda. Akampapasa pua, akampapasa pembe.

"Makubwa! Amegeuka ng'ombe," akasema, na tukacheka sote. Mpaka hapo ulikuwa mchezo.

Tukapita sokoni. Wauza samaki walikuwa wakimwaga barafu iliyobaki na kufunga meza zao. Baada ya soko watu walipungua, yakabaki maghala na gereji zilizofungwa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mama mdogo haniulizi kijia cha kando ya barabara kinaishia wapi. Kila tulipofika ukingoni alikuwa ameshainua mguu kabla sijamwambia. Kwenye njiapanda nikamwambia kituo kiko kulia. Yeye akanivuta kushoto.

"Mama mdogo, si huku."

"Kuna dirisha kwanza. Dogo, liko ukutani. Ukilifungua unaona maji."

"Hiyo ni Bologna."

"Najua ni Bologna. Twende."

Tukaufikia ukuta wa matofali meusi, mrefu kutupita. Nilikuwa nimeupita kwa basi mara nyingi, siku zote nikidhani ni ukuta wa ghala. Akaupitishia kiganja polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kiganja kikasimama. Palikuwa na kilango cha chuma, kimo cha kifua, kimepakwa rangi nyekundu iliyobambuka. Akakivuta, nacho kikafunguka.

Chini kulikuwa na maji. Mfereji mweusi uliotulia tuli kati ya migongo ya viwanda vya zamani. Hapakuwa na mtu wala chombo. Tone lilikuwa likidondoka mahali fulani, linanyamaza, linadondoka tena. Baadaye sana mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapa, alinieleza kwamba vilango vile vilitobolewa zamani kwenye kuta za madaraja ili zimamoto wapitishe mipira yao kuvuta maji. Lakini wakati ule sikuwa na maelezo yoyote. Nilisimama nayatazama maji, na mama mdogo yuko pembeni yangu, ananusa.

"Harufu ni ileile," akasema, akakifunga kilango kwa adabu, kama mlango wa jirani.

Mbele kidogo tukaingia chini ya daraja la reli, tao pana la matofali lililopinda kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, barabara ikipita kati. Hapo akaniachia kiwiko.

"Kule liko tao kama hili, chini ya jengo la kale," akasema. "Ukienda kwenye kona ukaukabili ukuta, ukanong'ona, aliye kona ya pili anakusikia kama uko sikioni mwake. Na waliosimama katikati hawapati hata neno. Bibi alikuwa akitaka nimweke hapo kila siku azungumze na marehemu mumewe. Mimi ananituma kona ya pili nijibu."

"Ujibu kama nani?"

"Kama mumewe. Anauliza, 'Upo?' Nami najibu, 'Nipo. Usiharakishe.' Basi. Anafuta machozi, tunarudi nyumbani kunywa supu."

"Hakujua kwamba ni wewe?"

"Atakosaje kujua, na yeye ndiye aliyenituma?" Akanisukuma begani taratibu. "Nenda kwenye ule ukuta. Nataka kusema na dada."

Nikamwambia kuna baridi, basi litatuacha. Alikuwa ameshageuka, uso karibu ugonge matofali, mtandio umemshuka mabegani. Basi nikavuka barabara. Ukuta wa upande wangu ulikuwa ukitoka jasho, unanuka ukungu na njiwa. Nikaukabili. Treni ikapita juu yetu, mngurumo ukaisha. Kisha nikamsikia. Alikuwa nyuma yangu, ng'ambo ya barabara, lakini sauti ilitoka ndani ya ukuta, mbele ya midomo yangu.

"Dada, upo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikafungua kinywa, na ikawa kama nimeambiwa nivae nguo ya mamangu, naye angali ndani yake. Sauti ikagoma.

Ukutani nikasikia pumzi yake. Kisha kicheko kidogo, kile cha mtu anayekaripiwa na anayempenda.

"Haya," akanong'ona. "Haya, dada. Nimesikia."

Nilipogeuka alikuwa anavuka kunijia, anajifuta uso kwa mtandio.

"Amesema niache kulala na taa," akaniambia.

Ni kweli, tangu mazishi alikuwa akilala taa inawaka mpaka asubuhi. Nilikuwa nikiuona mwanga chini ya mlango wake nikienda kazini, na sikuwahi kumgusia.

"Mama mdogo, mimi sikujibu."

Akanielekezea macho yale, mboni zimekuwa nyeusi tupu.

"Wallahi sikusema neno," nikasema.

Akanishika tena kiwiko, tukaenda kituoni, tukaketi.

"Siku moja nilipatwa na mafua," akaanza, "sauti ikakauka kabisa. Nikasimama kwenye kona yangu, nisiweze hata kukohoa. Nilipomrudia bibi nikamkuta anatabasamu. Akaniambia, 'Leo umemwigiza barabara, mpaka kigugumizi chake.' Mimi sikuwa nikijua kwamba marehemu alikuwa na kigugumizi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimwambie nini? Nikasukuma kiti."

Basi likaja, tukapanda. Kesho yake alfajiri nilipokuwa navaa viatu, chini ya mlango wake palikuwa giza, naye anakoroma. Analala hivyo mpaka leo. Macho yake yamepona, na habari ile hajaitaja tena. Mimi pia sijamuuliza.

Lakini nilirudi pale peke yangu, siku ya jua, baada ya zamu. Nilikuwa na jambo langu la kumuuliza mamangu. Nikasimama alipokuwa amesimama mama mdogo, nikaukabili ukuta, na kabla sijanong'ona akapita mama mmoja wa Kizungu na mbwa wake, akaniuliza kama niko salama.

"Niko salama," nikamwambia. "Namsubiri mtu."

Akatazama ng'ambo ya barabara, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa, akamvuta mbwa wake akaenda zake. Mimi sikugeuka.